Kontroli Yangu Ilikuwa PHA: kwa wadogo zangu mnaoanza na antijeni za lipidi

Juzi Jumanne niliingia maabara kutafuta maka peni yangu, nikamkuta mdogo wetu mmoja ameshika pipeti iliyojaa klorofomu na methanoli. Mbele yake rafu nzima ya mirija midogo ya plastiki imepangwa kama wanafunzi kwenye gwaride. Nilipiga ukelele, naye nusura aangushe pipeti.

"Dokta, si SOP inasema nigawe lipidi kwenye mirija midogo?"

SOP, ule mwongozo wetu wa kazi, inasema vichupa. Vya kioo. Naijua kwa sababu niliiandika mimi, na kila sentensi ya ukurasa wa pili ina gharama niliyoilipa. Huyu ni wa tatu ndani ya miaka miwili. Wa kwanza nilimwonya kwa upole, wa pili nikabandika karatasi ukutani, ikaning'inia hadi ikageuka rangi bila kusomwa na mtu. Basi leo naandika yote kwa mkupuo mmoja. Nawapenda sana, ndiyo maana nawafokea.

Sitawafundisha CD1 ni nini (molekuli za a, b, c na d zinazobeba lipidi, yaani mafuta, juu ya seli ili seli T zizione), hilo mmelifanyia mtihani. Nazungumzia yale ambayo mtihani hauulizi.

1. Mkiona seli T imeamka, msikimbilie peptidi

Vichwa vyenu vimejazwa MHC na vipande vya protini inavyovibeba, yaani peptidi, hadi hakuna nafasi ya kitu kingine. Mmoja wenu alichukua dondoo la mycobacteria, akalitia proteinase K, kimeng'enya cha kula protini, akaona seli bado zinatoa IFN-γ, ishara ya seli T iliyoamka, kama kawaida. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne akaja kuniambia kimeng'enya kimekufa, tuagize kingine. Kimeng'enya kilikuwa kizima, kingeweza kula ng'ombe. Antijeni, yaani kitu kilichoziamsha seli, ndiyo haikuwa protini.

Watu wa kundi la Brenner kule Boston walipokutana na antijeni ya namna hii hawakuagiza kimeng'enya kingine. Waliifuata hadi kwenye viyeyushi vya mafuta, na mwaka 1994 wakaionyesha dunia kwamba seli T ya binadamu inaitambua asidi ya mikoliki ikiwa imebebwa na CD1b. Yaani ile nta ya ukuta wa kidudu cha kifua kikuu, inayotupa shida kila tukipaka slaidi, mwili una seli za kuisoma.

Mwingine aliniomba bajeti ya kupima HLA (MHC za binadamu, zinazotofautiana mtu na mtu) za washiriki wote kabla hatujaanza kazi ya CD1b. Mdogo wangu, CD1 karibu haibadiliki kutoka mtu hadi mtu. Ya kwako, ya kwangu na ya konda wa daladala ni ileile. Hiyo ndiyo raha ya fani hii: lipidi moja inaweza kubebwa kwa watu wote, wakati peptidi unalazimika kuhesabu nani ana HLA ipi.

Nikiwa hapo hapo kwenye CD1b, kuna picha moja napenda muwe nayo kichwani. GMM ni asidi ya mikoliki iliyovalishwa glukosi moja. Ile mikia mirefu ya mafuta inazama ndani ya mashimo ya CD1b kama miguu ya mtu kwenye gumboti, halafu glukosi peke yake inabaki nje. Kipokezi cha seli T kinaibana hiyo glukosi pande zote mbili kama kibano. Wakati GMM inaripotiwa mwaka 1997, ilijaribiwa kuwekwa manosi au galaktosi mahali pa glukosi, na seli hazikuitambua. Sukari hizo zinatofautiana kwa mkao wa kundi moja tu la haidroksili. Seli inayoweza kuona tofauti hiyo haiwezi kukuvumilia ukiwa mchafu.

2. Panya

Panya wa kawaida hana CD1a, hana CD1b, hana CD1c. Ana CD1d tu. Kila mwaka kuna anayeniletea pendekezo zuri, kurasa kumi na mbili, la kuchanja panya wa kawaida kwa GMM. Ukitaka mnyama, tafuta simbilisi, au panya aliyepandikizwa jeni za binadamu, na uniletee na bei.

3. Ile miezi saba

Hapa mtanivumilia.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu, kwenye maabara nyingine, na nilikuwa najiamini kupita kiasi. Swali langu lilikuwa rahisi: wagonjwa wa kifua kikuu wa kwetu, seli zao T zinaitikia GMM au haziitikii? Nilikuwa na kibali cha maadili, fomu za ridhaa kwa Kiswahili safi, na washiriki 22. Kila mmoja alitoa mililita 40 za damu. Monosaiti, aina ya seli nyeupe, nilizilea kwa vichocheo vya GM-CSF na IL-4 hadi zikaota CD1b, nikazithibitisha kwenye flo, mashine inayosoma alama za seli. Kile ambacho wengi wenu mnakosea, mimi nilikipatia. Ndiyo maana nilipotea vizuri zaidi.

GMM ilikuja kavu ndani ya kichupa cha kioo, miligramu moja, nikaiyeyusha kwa klorofomu na methanoli. Wewe unaijua thamani yake, nami nilikuwa naijua, kwa hiyo nikaamua kuitunza kwa akili. Badala ya kukausha kidogo kidogo kila siku ya kazi, nikaona nijirahisishie. Nikaikausha nusu yake kwa mara moja, nikaongeza midia (maji ya kulishia seli) ya baridi isiyo na seramu, nikaizungusha kwenye votexi sekunde kumi, nikamimina kwenye mrija wa plastiki wa mililita 15, nikaandika "GMM stoki" kwa herufi kubwa, nikaweka friji ya nyuzi 4. Kimiminika kilikuwa kiangavu, safi kama maji ya mvua. Nikajisemea, imeyeyuka vizuri mno.

Mtu aliyelelewa na mama anayepika angeshtuka. Mafuta hayayeyuki kwenye maji baridi. Ukiosha sufuria ya pilau kwa maji ya bomba, maji unayomwaga yanaweza kuonekana safi, ila mafuta yamebaki sufuriani. Mimi nilikuwa nayachota yale maji ya sufuria, mikrolita moja moja, kwa pipeti ya bei mbaya, nikiyaweka kwenye visima vya pleti kwa heshima zote.

Matokeo yalitoka mazuri sana. Pleti za ELISPOT, ambako kila doa ni seli iliyoamka, zilikuwa zinapendeza: PHA (kichocheo kinachoamsha karibu seli T yoyote) madoa yamejaa hadi mashine inashindwa kuhesabu, peptidi za ESAT-6, protini ya kidudu cha TB, madoa ya kutosha, midia tupu safi, GMM safi. Mshiriki wa kwanza, safi. Wa tano, safi. Wa kumi na nne, safi. Nilikuwa na kontroli chanya, nilikuwa na kontroli hasi, nilikuwa na hadithi: wagonjwa wetu wanaitikia protini ila hawaitikii lipidi. Nikaanza kuitafutia sababu. Labda ni minyoo. Labda ni lishe. Labda chanjo ya utotoni. Mtu mwenye data ya uongo hakosi sababu. Nikaandika ikisisi ya mkutano, ikakubaliwa, nikanunua koti.

Kulikuwa na mama mmoja mshiriki, namba 9. Alikuwa anatoka mbali, anapanda magari mawili, na kila akija kuchukua dawa anapita dirishani kunisalimia. Siku aliyomaliza dozi yake ya miezi sita alikuja na ndizi, akauliza:

"Mwanangu, ile damu yangu imesema nini?"

Nikamweleza kwa lugha nyepesi kwamba askari wake wa mwilini wanazijua protini za kidudu, lakini mafuta yake hawajayatambua.

"Kwa hiyo wamelala?"

"Wamelala, mama."

Akacheka, akasema basi hata yeye nyumbani ana watu wa hivyo. Akaondoka. Ndizi nilizila.

Kikao cha Ijumaa, wiki tatu kabla ya mkutano, nikawasilisha. Profesa wangu alikuwa mtu wa maneno machache, anayesikiliza huku amefumba macho hadi unadhani amesinzia. Nilipomaliza akauliza, "Kontroli chanya ya lipidi ni ipi?"

"PHA, Prof."

"PHA inapitia njia gani?"

Nikanyamaza. PHA haibebwi na CD1b. PHA haikaushwi, haiyeyushwi, haipiti kwenye kichupa changu wala kwenye mrija wangu. PHA inasema kitu kimoja tu: seli ziko hai. Na ESAT-6 ni peptidi, inaelea kwenye maji bila wasiwasi. Hakuna hata kisima kimoja kwenye pleti zangu zote, za miezi saba, kilichothibitisha kwamba kulikuwa na lipidi humo ndani. Ningekuwa na kloni moja (seli za ukoo mmoja) ya seli T inayojulikana kuitambua GMM, nikaiwekea kutoka kwenye mrija uleule, ningejua siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Kloni zilikuwepo. Zilikuwa kwenye nitrojeni ya maji, mita nne kutoka kwenye meza yangu.

Prof hakunifokea. Alisema nilete mrija, nilete na kile kichupa nilichokaushia. Kwa bahati, au kwa uvivu, kichupa nilikuwa sijakitupa. Akakisuuza kwa klorofomu na methanoli, akausuuza mrija pia kwa haraka, halafu ile midia yenyewe akaivuta mafuta kwa kiyeyushi kilekile. Akadondosha kwenye pleti ya TLC, ya kutenganisha lipidi kwa kiyeyushi, njia nne: GMM halisi, kichupa, mrija, midia. Tukasubiri kiyeyushi kipande. Akapuliza alfa-naftoli, inayoonyesha sukari kwa zambarau, akaweka pleti kwenye joto.

Naikumbuka ile rangi. Zambarau ikaanza kujitokeza taratibu kama alama ya kidole: kwenye njia ya GMM halisi, doa nene, kwenye njia ya kichupa, doa nene kwa kimo kilekile, kwenye njia ya mrija, doa jembamba. Kwenye njia ya midia, ile midia niliyowalisha seli za watu 22, palikuwa peupe.

"Zipo seli ulizozihifadhi?" akauliza. Zilikuwepo za watu 9 tu. Tulirudia kwa hao 9, lipidi ikiwa imekaushwa siku ileile kwenye kioo na kusonikwa (kutikiswa kwa mawimbi ya sauti) kwenye midia ya vuguvugu, na kloni ikiwa pembeni kama shahidi. Wanne walijibu. Ikisisi niliiondoa kwa barua ya mistari mitatu iliyonichukua siku mbili kuandika. Koti ninalo hadi leo.

Za namba 9 hazikuwepo kwenye friza. Alikuwa amemaliza dawa, ridhaa yake imekwisha, na hata ningempata, damu ya mtu aliyepona si damu ileile. Nilimwambia askari wake wamelala, na hawakuwahi kuonyeshwa kitu.

4. Basi, kwa kifupi, ukurasa wa pili wa SOP

Kiyeyushi cha mafuta kinakaa kwenye kioo chenye kifuniko cha bitana ya Teflon, siyo plastiki, siyo raba. Msifunge shingo ya kichupa kwa Parafilm, ule utando wa nta. Mvuke wa klorofomu unaiyeyusha na inakudondokea humo humo. Pipeti za kioo kwa klorofomu, kwa sababu tipu za plastiki zinaacha uchafu wake, na mkienda kwenye spektromita ya masi mtaona kilele cha 338 mkadhani mmegundua lipidi mpya ya kidudu (erukamidi hiyo, grisi ya kiwandani inayowekwa ili plastiki isinate, kuna mtu aliipa jina la kisayansi kabisa kabla hatujamzuia). Kausha kwa nitrojeni, ongeza midia ya vuguvugu, sonika, tumia leo. Weka kisima cha kiyeyushi kitupu kilichokaushwa vilevile. Weka kloni.

Na monosaiti zilizotoka kwenye damu leo asubuhi hazina CD1b. Zileeni kwanza.

5. MAIT zinaamka hata kwa kelele

Nyie wa MR1, molekuli inayozionyesha seli T ziitwazo MAIT mabaki ya bakteria kutengeneza vitamini B2, mnadhani mmeepuka kwa kuwa ligandi zenu, yaani hayo mabaki, zinakubali maji. Zinakubali, halafu zinakufa. 5-OP-RU, ligandi inayoamsha MAIT, ikiwa kwenye maji haidumu. Ile inayosalia kwenye mrija wa jana ni jina tu. Tengenezeni kutoka 5-A-RU na methilglioksali, itumike hapohapo.

Lakini kosa lenu kubwa ni kuona seli zimeamka mkashangilia. MAIT zinaamshwa na IL-12 na IL-18, saitokini ambazo seli hutumia kuitana, bila MR1 kuhusika hata chembe. Ukimwaga bakteria kwenye PBMC, seli nyeupe za damu, ukasubiri usiku kucha, monosaiti zitapiga kelele za saitokini na MAIT zitaamka kwa kelele hizo. Wekeni antibodi ya kuziba MR1, na bakteria asiyetengeneza vitamini B2, kwa mfano Streptococcus pyogenes. Asubuhi mtajua nani aliamshwa na ligandi na nani aliamshwa na majirani.

Midia nayo ina mambo yake. Mwaka 2012 watu wa Melbourne walipokunja MR1 (kuipa protini umbo lake) kwa mara ya kwanza, kitu walichokikuta kimenasa ndani yake kilikuwa 6-FP, kinachotokana na foliki asidi kuharibiwa na mwanga. Kilitoka kwenye midia! Kinashika MR1 vizuri sana na hakiamshi MAIT. Wao hawakukitupa wala kukificha; walikitumia kama mwelekeo, wakafika kwenye bidhaa za njia ya riboflavini, yaani vitamini B2. Nyie chupa za midia ya RPMI mnaziacha dirishani zinaota jua kama kahawa inayoanikwa.

Halafu Vα7.2, yaani TRAV1-2, kipande cha kipokezi cha seli T. Jamani. TRAV1-2 si ya MAIT peke yake. Zile seli zinazoitwa GEM, zinazotambua GMM kwenye CD1b, nazo zinatumia TRAV1-2. Ukiona Vα7.2 ukaandika "MAIT" bila kuangalia alama ya CD161, au bora zaidi tetrama ya MR1 (MR1 nne zilizofungwa pamoja kunasa seli zinazoitambua), umechanganya kondoo na mbuzi kwa sababu wote wana kwato.

6. Gama-delta na mRDT

Vγ9Vδ2, kundi la seli T za gama-delta, wana tabia mbili za kukumbuka. Kwanza, HMBPP, molekuli ndogo ya vidudu inayowaamsha, inafanya kazi kwa kiasi kidogo mno, chini ya nanomola, kwa hiyo tipu moja iliyorudiwa inatosha kuharibu pleti nzima. Badilisheni tipu! Pili, msinichoree tena HMBPP ikiwa imekaa juu ya seli kama peptidi kwenye MHC. Inashika BTN3A1, protini ya utando wa seli, kutokea upande wa ndani wa seli, na umbo la nje ndilo linalobadilika. Nimeifuta michoro hiyo kwenye slaidi zenu hadi nimechoka.

Ila hili la mwisho ni letu sisi tulio huku, na vitabu vya kutoka nje havilisisitizi. Njia ya kutengeneza HMBPP si ya bakteria tu. Plasmodium falciparum anayo pia. Mgonjwa wa kifua kikuu mwenye malaria iliyojificha anaweza kuja na Vγ9Vδ2 zilizokwisha kushtuliwa, nawe ukaisifia TB kwa kazi ya mbu. Niliwahi kukaa wiki mbili na grafu ya washiriki kutoka wilaya mbili, moja juu sana na nyingine chini, nikitafuta tofauti ya aina za vidudu. Muuguzi wa kliniki, aliyekuja kuchukua vibebeo vya sampuli, akaiangalia kwa juu juu akasema, "Huku si ndiko kwenye mashamba ya mpunga?" Tulirudi kupima. Tangu siku hiyo mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, imo kwenye fomu ya mshiriki, mstari wa sita, na muuguzi huyo anaalikwa kwenye kikao cha Ijumaa, ambako haogopi mtu.

7. Majina

Klorofomu na methanoli vinafuta wino wa maka peni. Tuna vichupa kumi na moja kwenye friza ya nyuzi hasi 20 ambavyo hakuna ajuaye kilichomo, na kimojawapo pengine ni sulfoglikolipidi ambayo mtu wa Ulaya alitupa kwa hisani. Penseli kwenye karatasi, karatasi ifunikwe kwa selotepu ya uwazi, au mchore kioo chenyewe.

Yule wa Jumanne nimempa boksi la vichupa, na leo asubuhi amekausha GMM yake ya kwanza vizuri. Utando mweupe umetulia chini ya kioo, akaninyanyulia kwenye taa nione. Kisha akaniuliza kama mtungi wa nitrojeni utafika mwisho wa mwezi. Hautafika. Atakayekausha lipidi wiki hii ajiandikishe kwenye daftari lililofungwa kamba mlangoni. Penseli ipo.